Usiku wa Tokeni Tatu na Dakika 16,777,216

Stima ilitupotea jioni moja ya Novemba 2024, mvua ya Kakamega ikipiga mabati mpaka tukawa tunaitana kwa sauti ndani ya chumba kimoja. Kwa majirani wa Amalemba taa zilikuwa zinawaka. Zilizokwisha ni yuniti zetu sisi, na aliyepiga yowe la kwanza hakuwa mtoto aliyekuwa akitazama katuni, wala Baba Watoto aliyekuwa akingojea habari. Alikuwa Senje.

Senje ni dada ya mume wangu. Alikuwa ametuletea mashine ndogo ya kuangulia vifaranga, imejaa mayai ya kuku wa kienyeji, kwa sababu kwake stima haitulii. Yai la kuku huchukua siku 21 kuangua, na joto la mashine linatakiwa likae karibu digrii 37.5. Mayai hayo yalikuwa yamevuka wiki ya pili. Ukiyategea sikio, Senje alisema, unasikia uhai. Sasa taa nyekundu ya mashine ilikuwa imezimika na yeye amesimama gizani, mikono kichwani, akiita majina ya ukoo mzima.

Baba Watoto hakupoteza wakati. Alichukua simu, akalipia, na meseji ikaingia. Haikuwa ile tuliyoizoea ya tokeni moja, yaani safu moja ya tarakimu 20. Zilikuwa safu tatu, kila moja ya tarakimu 20. Wiki hizo kila mwenye mita ya kulipia kabla nchini alikuwa anasikia tangazo la Kenya Power kwamba mita zote zisasishwe kabla ya tarehe 24 Novemba: safu mbili za kwanza ni za kusasisha mita, ya tatu ndiyo yenye umeme. Tulikuwa tumelisikia. Zamu yetu ndiyo ilikuwa haijafika.

Simu nayo ilikuwa inakata roho. Soketi ya sebuleni inayofanya kazi ni moja, na tangu asubuhi ilikuwa mali ya mayai. Senje akanyakua kalenda ukutani, akaigeuza mgongo, na kwa mwanga wa koroboi akaanza kunakili huku Baba Watoto akimsomea kwa haraka. Walipomaliza safu ya tatu, kioo kikawa cheusi.

Mita yetu iko kwenye ukuta wa veranda, upande mvua inakotokea. Kijana wetu wa Gredi ya 8 alishika mwavuli, baba yake akabonyeza, mimi nikasoma kalenda. Safu ya kwanza: mita ikakataa. Tukarudia polepole. Ikakataa. Baba Watoto akaanza kuishuku mita, Senje akaanza kuishuku sauti yangu, na Kukhu, mama mkwe wangu aliyekuwa amekuja kutoka Shinyalu, akauliza kutoka jikoni kama mayai yatakula maneno.

Hapo ndipo shemeji yangu alipotoka chumbani. Ni mdogo wake Baba Watoto, anasomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na analala kwetu kwa sababu ni karibu. Aliitazama kalenda, akaisogeza kwenye koroboi, akaniambia kama shemeji yake, "Mulamwa, hii nambari haiwezi kuwa tokeni."

"Haiwezi vipi, na imetoka kwenye meseji?"

"Inaanza na 79. Tokeni yoyote ya mita hizi haianzi na 79."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania, na alichotueleza pale verandani nimekihakiki mwenyewe baadaye kwa kalamu. Tokeni ni nambari nzima moja, kubwa, iliyoundwa kwa biti 66, na kila biti ni 0 au 1. Ukizidisha 2 kwa yenyewe mara 66 unapata 73,786,976,294,838,206,464. Kwa kuwa hesabu inaanzia sifuri, tokeni kubwa kuliko zote zinazowezekana ni pungufu ya hiyo kwa moja, yaani inaishia 463. Hiyo ndiyo dari. Ina tarakimu 20, ndiyo maana tokeni ina tarakimu 20. Zikiwa pungufu, zinajazwa sifuri mbele. Kwa hiyo hakuna tokeni inayoanza na 8 wala 9, na iliyoanza na 7 haiwezi kufuatwa na 4, 5, 6, 7, 8 wala 9. Ile 79 ya kalenda ilikuwa juu ya dari.

"Senje," shemeji akaita, "hii ni saba au ni moja?"

Senje akainama. Tangu shule ya msingi yeye huandika 1 yenye pua ndefu, na usiku ule, kwa haraka na kwa koroboi, pua zilikuwa zimerefuka zaidi. Katika safu ya kwanza tulihesabu alama sita ambazo zingeweza kuwa 7 au 1. Alama sita zenye nafasi mbili kila moja zinazaa nambari 64. Dari ilitusaidia kuamua moja, kwamba 79 ilikuwa 19, na zikabaki 32.

"Basi tujaribu zote 32," Baba Watoto akasema.

"Tarakimu 20 mara 32 ni kubonyeza mara 640," kijana akajibu kutoka chini ya mwavuli, "na hiyo ni safu ya kwanza tu."

Nilimwona mume wangu akiwaza, maji yakimchuruzika kwenye shingo. Kisha akaikatia tamaa kalenda, akaitia simu kwenye mfuko wa nailoni na kuondoka kwenda steji ya bodaboda, ambako yuko kijana mwenye chaja kwenye pikipiki.

Jikoni Kukhu alikuwa ameshachukua mamlaka. Makaa yalikuwa mekundu, sufuria la maji limechemka, na yeye anajaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki, anazifunga kwa leso na kuzipanga kuizunguka mashine, kisha blanketi juu. Akamwambia Senje aweke mkono na kuutoa kila mara ahisi joto, moto usizidi. Sikupata kuona mtu mzima akitulia kama Senje alivyotulia baada ya kupewa kazi.

Sisi wengine tukakaa kuizunguka koroboi, na kijana akauliza swali ambalo nadhani nchi nzima ilikuwa ikiuliza: kwa nini mita ambayo imetumika miaka yote isasishwe sasa, na kwa nini mwisho uwe 24 Novemba na si mwisho wa mwezi?

Jibu ni nambari, na ni nambari nzuri kuliko nilivyotarajia. Mfumo wa tokeni hizi ulizaliwa Afrika Kusini na umeenea katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Ndani ya biti 66, biti 16 hubeba kiasi cha umeme, nyingine 16 ni za ukaguzi ili mita igundue tarakimu iliyokosewa, na 24 hubeba saa: dakika ambayo tokeni ilitengenezwa, ikihesabiwa wakati ule tangu usiku wa manane wa kuingia 1 Januari 1993. Mita huweka kumbukumbu ya dakika za tokeni ilizokwisha kumeza. Ikiletewa ile ile tena, au ya zamani kuliko kumbukumbu yake, inaikataa. Ndivyo inavyozuia mtu mmoja kutumia karatasi moja mara mbili.

Lakini biti 24 zina mwisho. Mbili ikizidishwa kwa yenyewe mara 24 ni 16,777,216. Dakika hizo ni siku 11,650 na saa 20 na dakika 16. Ukihesabu kutoka 1 Januari 1993, dakika ya mwisho inaangukia Jumapili, 24 Novemba 2024, saa mbili na robo usiku. Baada ya hapo kihesabio kinarudi sifuri, na tokeni mpya kabisa ingeonekana machoni pa mita ni ya mwaka 1993, wakati Kakamega bado ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi. Ingekataliwa.

Kijana akaomba kalamu. Alianza na 1, akaandika 2, 4, 8, akaendelea kuzidisha maradufu chini ya kalenda, na shemeji akawa anamngojea. Alipofika 16,777,216 shemeji akamwambia aiulize nambari hiyo ni ya ukoo gani. Nilijua shufwa na witiri. Nilijua nambari tasa, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Zaidi ya hapo nilikuwa nimeacha darasani.

Ni shufwa, hilo linaonekana. Ila si shufwa ya kawaida: katika vigawo vyake tasa hakuna kingine isipokuwa 2. Jirani yake wa chini, 16,777,215, ni witiri na amejaa wageni: 3 mara 3 mara 5 mara 7 mara 13 mara 17 mara 241. Jirani wa juu, 16,777,217, ni 97 mara 257 mara 673. Hao wawili wanaishi mlango kwa mlango na nambari yetu, na hawana kigawo kimoja cha kushirikiana nayo ila 1.

Tena ni kipeo cha pili cha 4,096. Ni kipeo cha tatu cha 256. Ni kipeo cha nne cha 64, cha sita cha 16, cha kumi na mbili cha 4, na, jambo lililomfanya kijana asimame, ni 8 ikizidishwa kwa yenyewe mara nane. Sababu iko kwenye ile 24: kwa kuwa 24 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12, mbili zake ishirini na nne unaweza kuzipanga katika mafungu sawa kwa njia hizo zote. Hiyo 256 mara 256 mara 256 ndiyo idadi ya rangi ambazo kioo cha kawaida cha simu kinaweza kuonyesha, maana nyekundu, kijani na buluu kila moja ina viwango 256. Simu iliyozimika mikononi mwetu ilikuwa imebeba nambari ile ile iliyokuwa ikiisumbua mita.

Kukhu, ambaye tulidhani hasikii, akauliza nambari hiyo ni kubwa kiasi gani kwa mahindi. Lilikuwa swali la haki. Shemeji akasema: weka punje moja, kesho yake mbili, kesho kutwa nne. Ukichukulia punje elfu moja zina uzito wa kama gramu 300, siku ya 25 pekee utahitaji punje zenye uzito wa zaidi ya kilo 5,000, karibu magunia 56 ya kilo 90. Kukhu akanyamaza. Anajua gunia 56 ni shamba la ukubwa gani.

Lakini sehemu iliyonishika mimi ni nyingine. Karibu mwaka 100, Nicomachus wa Gerasa, mji ulio Jordan ya leo, aliandika juu ya kuziainisha nambari kwa vigawo vyake. Chukua vigawo vya nambari, acha nambari yenyewe, vijumlishe. Vya 12 ni 1, 2, 3, 4 na 6, jumla 16: imezidi. Vya 6 ni 1, 2 na 3, jumla 6: imetimia. Vya 28 navyo vinatimia. Vya 10 ni 1, 2 na 5, jumla 8: imepungukiwa. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiarabu katika karne ya 9 na Thabit bin Qurra, mwanahisabati wa Baghdad aliyeendeleza elimu hiyo ya vigawo kwa uvumbuzi wake mwenyewe. Sasa jumlisha vigawo vya 16,777,216, kuanzia 1, 2, 4 hadi 8,388,608. Unapata 16,777,215. Imekosa kutimia kwa moja tu. Vipeo vyote vya mbili viko hivyo, na mpaka leo hakuna mwanadamu aliyepata nambari nyingine isiyo kipeo cha mbili yenye tabia hiyo, wala aliyethibitisha kwamba haipo.

Kijana alikuwa ameshajumlisha tarakimu zake: 1, 6, 7, 7, 7, 2, 1, 6. Jumla 37. "Kaunti yetu!" akasema, kwa sababu Kakamega ni kaunti nambari 037. Shemeji akamwambia hilo ni la bahati, halina sababu ndani yake, na ni vizuri ajue tofauti. Lakini akaliandika kwenye kalenda hata hivyo, na mimi sikumzuia.

Baba Watoto akarudi ameloa, simu ina chaji ya kutosha. Safari hii hatukunakili. Mimi nikasoma moja kwa moja kwenye kioo, kijana akarudia kila tarakimu kwa sauti, shemeji akabonyeza. Safu ya kwanza: imekubaliwa. Ya pili: imekubaliwa. Ya tatu, na veranda ikajaa mwanga, na sebuleni Senje akapiga vigelegele vilivyosikika mvuani.

Tungelala na furaha hiyo kama Kukhu asingekwenda kurudisha blanketi. Alirudi na Biblia yake. Katikati ya kurasa kulikuwa na karatasi iliyokunjwa vizuri yenye tarakimu 20. Mwezi uliopita, alipouza mahindi, alikuwa amemwomba kijana wa duka amnunulie tokeni kwa nambari ya mita yetu, akaihifadhi kwa ajili ya siku kama hii. Wakati stima ilipopotea alikuwa ameikumbuka mashine kwanza, na karatasi baadaye.

"Wekeni na hii," alisema, "isije ikaisha tena."

Shemeji alibonyeza, ingawa niliona uso wake. Mita ikakataa. Akabonyeza tena kwa heshima ya mama yake, ikakataa.

Kumweleza Kukhu kulichukua muda mrefu kuliko kunakili, kubonyeza na kutembea steji vyote pamoja. Kati ya biti 66, mbili ni za daraja la tokeni. Biti mbili zina nafasi nne: 00 ni tokeni ya umeme, 01 ya kupimia mita, 10 ya kuamrisha mita moja mahususi, na 11 imewekwa akiba. Safu zetu mbili za kwanza zilikuwa za daraja la 10: zilileta ufunguo mpya. Ufunguo wa mita una biti 64 na hautoshi katika tokeni moja, ndiyo maana umepasuliwa vipande viwili vya biti 32, na ndiyo maana zilikuja safu mbili. Biti 64 za tokeni, zote ila zile mbili za daraja, hufichwa kwa ufunguo huo kabla ya kuwa tarakimu. Karatasi ya Biblia ilifichwa kwa ufunguo wa zamani. Tarakimu zake zilikuwa sahihi zote, hata kijana wa duka huandika 1 isiyo na pua, lakini mlango ule ulikuwa umebadilishwa kufuli. Ingeingizwa kabla ya safu mbili za kwanza, ingekubaliwa.

Kukhu alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo ni ile ile," akasema, "ila haifungui tena."

"Ni ile ile, mama."

Baba Watoto alimrudishia pesa zake mbele yetu sote, na akampa zote, bila kukata hata shilingi. Kukhu alizihesabu, akazitia mahali palepale palipokuwa na karatasi. Mayai mengi ya Senje yaliangua, na vifaranga walikwenda kwake wakiwa kwenye katoni, wakilia njia nzima.

Kalenda ile ya 2024 bado ninayo, mgongo umejaa maradufu za kijana kuanzia 1. Mwaka uliofuata aliwaonyesha wenzake shuleni, kisha akaja kuniambia kwamba tokeni zote tunazonunua sasa anaziangalia tarakimu ya kwanza, na hajaona hata moja iliyoanza na 8. Hataiona. Wewe msomaji unayo meseji moja simuni mwako sasa hivi. Itazame, na kama una mtoto anayejua kuzidisha kwa mbili, mpe karatasi na umwache afike 66 mwenyewe. Na kama siku moja utaambiwa tena ubadilishe ufunguo wa mita, tafuta kwanza kwenye Biblia, kwenye Kurani, kwenye mikebe ya sukari na chini ya godoro, uingize tokeni zote za zamani, ndipo uguse mpya.

Hesabu ya dakika kwa mita zilizosasishwa sasa inaanzia 1 Januari 2014. Dakika 16,777,216 zitajaa tena Ijumaa, 24 Novemba 2045.